Mauzo matatu ya duka moja

Kijana wa mikopo alizipanga karatasi zangu tatu mezani, moja kando ya nyingine, akazinyoosha kwa kiganja kama fundi anayetandika kitambaa kabla ya kukata. Ya kwanza zilikuwa kopi za kaunta buku langu. Ya pili taarifa ya akaunti ya benki. Ya tatu karatasi ya makadirio ya kodi ya TRA. Akachukua penseli akapigia mstari jumla ya kila moja. Kaunta buku lilisema mwaka uliopita niliuza shilingi 48,600,000. Akaunti ilisema zimeingia 17,200,000. TRA walikuwa na 13,500,000.

"Mama," akasema kwa upole, maana umri wake ni wa mwanangu wa kwanza, "sasa mimi nikuandikie biashara ipi kati ya hizi tatu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nimepiga pasi kitenge changu kizuri, nimebeba bahasha nzima ya vyeti, na bado swali dogo namna hiyo likanikalisha kimya.

Nashona sare za shule hapa Moshi, hatua chache kutoka soko la Mbuyuni. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Nina vyerehani vitano, mafundi watatu wa kudumu, na msimu ukifika naongeza wawili. Mwisho wa Februari mwaka jana nilikwenda benki kuomba milioni 12: ninunue mashine ya kudarizi nembo, ovaloku mbili, na majora ya kutosha kuanzia msimu wa Januari bila kukopa kitambaa kwa watu. Kwenye bahasha nilikuwa na kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara ya manispaa, cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, barua ya mtendaji wa mtaa, mkataba wa pango na picha mbili za paspoti. Niliamini nimekamilika. Vyeti vile vinamthibitishia mkopeshaji kwamba wewe upo na biashara yako inajulikana. Kama utaweza kulipa, hilo linatafutwa kwenye hesabu, na hesabu zangu ndizo zilizokuwa zinagombana pale mezani.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa sokoni, wanaoniuliza kila wiki benki inataka karatasi gani. Naona swali lenyewe linatupoteza. Ofisa atakupa orodha ya karatasi kwa dakika tano. Kazi iliyonichukua miezi saba ilikuwa kuzifanya karatasi zangu ziseme jambo moja.

Babu yangu mzaa baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa huko Kibosho, enzi ambazo kahawa ndiyo iliyosomesha watoto wa mlimani. Vyama vya msingi vilikuwa chini ya KNCU, chama kikuu kilichoanzishwa mwaka 1933, na baba alitusimulia jinsi siku za kupokea kahawa babu alivyorudi nyumbani usiku na kandili. Kilichomchelewesha ni kilo mbili au tatu. Kilo zilizosomwa kwenye mzani, zilizoandikwa kwenye daftari la chama na zilizo kwenye stakabadhi za wakulima lazima zilingane, na zisipolingana hakuna anayefunga mlango. Mimi mjukuu wake nilikuwa naendesha duka ambalo milioni 31 ziko kwenye daftari na haziko benki, na nilikuwa nalala usingizi mzito.

Basi nilirudi dukani nikaanza kuzitafuta hizo milioni 31 na laki nne.

Nyingi sikuwa nimeziiba wala kuzipoteza. Wateja wangu wengi hulipa kwa simu, na namba niliyoibandika ukutani ilikuwa namba yangu binafsi, ile ile ninayotumiwa na wadogo zangu pesa za kumhudumia mama. Msimu ukichanganya nilikuwa nawapa wengine namba ya mume wangu. Niliomba taarifa za miamala ya mwaka mzima za laini zote mbili, nikakaa nazo jioni tisa mfululizo na kalamu nyekundu, nikiweka alama kwenye kila muamala uliokuwa wa sare. Zikatoka 11,900,000. Ukijumlisha na zile za benki unapata 29,100,000. Zilizobaki, 19,500,000, zilikuwa taslimu iliyopita droo ya meza ikaishia kwenye mfuko, kikoba, ada, na kwa muuza majora, bila kuacha alama popote isipokuwa mwandiko wangu.

Mwandiko wenyewe nao nikausoma upya. Nawaonyesha ukurasa mmoja, wa Jumatatu shule zilipofunguliwa Januari:

Sketi 14 kwa 12,000, jumla 168,000. Mashati 22 kwa 9,000, jumla 198,000. Sweta 9 kwa 15,000, jumla 135,000. Mauzo ya siku 501,000. Chini yake: vifungo na uzi 18,000, chakula cha mafundi 12,000, ada 200,000, mama Kibosho 30,000. Imebaki 241,000.

Hesabu iko sawa kabisa, jumlisheni wenyewe. Lakini angalia mistari minne ya matumizi. Miwili ya kwanza, 30,000, ni ya biashara. Miwili ya mwisho, 230,000, ni ya nyumbani kwangu. Mtu wa benki akisoma ukurasa ule anaona siku iliyouza nusu milioni na kutumia laki mbili na elfu sitini, anadhani biashara inakula nusu ya mauzo kwa gharama ndogondogo. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nadhani. Miaka kumi nimelalamika kwamba sare hazina faida, kumbe ada ya watoto nilikuwa naiandika kwenye safu moja na vifungo.

Ada ya mtoto ni halali. Matibabu ya mama ni wajibu. Ila ni matumizi ya mwenye duka, siyo ya duka, na mwenye duka anastahili kulipwa kama fundi mwingine yeyote. Nilijipangia mshahara wa 400,000 kwa mwezi. Ikifika tarehe 30 najitolea pesa hiyo, naandika "mshahara wangu" kwenye daftari, na baada ya hapo shida ya nyumbani haiugusi mfuko wa majora. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa migumu sana. Kuna siku mwanangu alihitaji viatu na droo ilikuwa imejaa, nikamwambia asubiri hadi tarehe 30. Aliniangalia kwa mshangao, na moyo uliniuma.

Sasa niseme la TRA, kwa sababu hili sokoni tunaliongelea kwa kunong'ona. Makadirio hufanywa mwanzoni mwa mwaka na kodi hulipwa kwa awamu nne. Tangu siku ya kwanza niliyofungua duka, ushauri niliopewa na kila jirani ni ule ule: taja kidogo. Nikataja kidogo. Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kielektroniki, ninayo, lakini risiti nilikuwa namtolea anayeidai, hasa shule zenyewe. Nilikosea, na sitafuti maneno ya kulipamba kosa. Shimo lenyewe sikulijua hadi siku ile mezani: unapotaja mauzo madogo kwa TRA unakuwa umeandika, kwa mkono wako na kwa saini yako, kwamba biashara yako haiwezi kubeba mkopo unaouhitaji. Mbele ya ofisa wa kodi wewe ni maskini, mbele ya ofisa wa mikopo wewe ni tajiri, na siku hizi karatasi zote mbili zinawekwa kwenye meza moja, kwa sababu benki wanadai hati ya kodi kabla ya kuendelea na chochote.

Nilikwenda ofisi za TRA nikaeleza mauzo yangu halisi, makadirio yakafanywa upya. Kodi ilipanda, tena kwa kiasi cha kuuma. Lakini nilitoka na uhakika kwamba karatasi yao na daftari langu vinasema lugha moja. Jambo jingine nililoonyeshwa siku hiyo, na ambalo wauzaji wadogo hawaambiwi na jirani yeyote: kwenye jedwali la wafanyabiashara ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi milioni 100, wale wa ngazi za chini hutozwa pungufu wakitunza kumbukumbu. Mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu alitozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4, yaani hata akifika 7 kamili ni 90,000. Ngazi iliyofuata, hadi milioni 11, ilikuwa 250,000 kwa asiye na daftari, na kwa mwenye daftari ilikuwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Viwango huguswa na bajeti za kila Juni, kwa hiyo nenda ukaulize vya mwaka wako. Methali ya "mali bila daftari hupotea bila habari" tunaikariri tangu shule ya msingi. Hapa imepigiwa hesabu hadi shilingi.

Kuanzia Machi nilibadili utaratibu. Nilichukua namba ya malipo ya biashara, nikabandua ile ya zamani ukutani. Kila jioni kabla ya kufunga, taslimu ya siku inakwenda kwa wakala wa benki aliye mlango wa nne kutoka kwangu, yote, hata kama kesho asubuhi nitaitoa nusu nikanunue jora. Watu huona huu ni usumbufu wa bure. Lakini ofisa anayesoma taarifa ya akaunti ya miezi sita anataka kuona mapigo ya biashara: inaingia lini, inatoka lini, inabaki ngapi. Akaunti inayopokea pesa mara mbili kwa mwezi, milioni moja moja, haina mapigo. Na kuna wanaokopa milioni mbili kwa ndugu, waziingize benki wiki moja kabla ya kuomba mkopo ili akaunti ionekane imenona. Maofisa wanaujua mchezo huo kuliko sisi. Pesa isiyo na historia inawatia shaka kuliko akaunti nyembamba yenye ukweli.

Katikati ya hayo nilijaribiwa. Kuna mahali mjini, kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, wanatengeneza kile wanachokiita "mahesabu ya benki". Unataja kiasi unachotaka kukopa, unalipa 50,000, kesho yake unapewa taarifa ya mapato na matumizi ya miaka mitatu pamoja na mizania, zimepigwa chapa vizuri, na mhuri juu. Nilioneshwa sampuli. Zilikuwa nzuri kuliko zangu. Nilimuuliza mtoto wa dada yangu, aliyesomea uhasibu pale Chuo Kikuu cha Ushirika, akaniambia hesabu zilizokaguliwa husainiwa na mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na kwamba mhuri wa kuchonga ni kughushi, ni jinai. Halafu akaongeza neno lililonigusa zaidi: "Mama mdogo, wakikuuliza swali moja juu ya namba hizo utajibu nini?" Ni kweli. Namba ambayo hukuishi nayo huwezi kuitetea. Kwa mkopo wa kiwango changu benki haikuhitaji hata hizo zilizokaguliwa. Walitaka hesabu zangu mwenyewe, zenye viambatisho.

Tukakaa yeye na mimi Jumapili tatu, baada ya misa, kwenye meza ya kukatia. Mauzo 48,600,000. Vitambaa, nyuzi, vifungo na nembo 26,300,000. Mafundi 7,800,000. Pango 2,400,000. Umeme 720,000. Kodi kwa makadirio mapya, leseni na ada nyingine 1,980,000. Usafiri 1,100,000. Jumla ya gharama 40,300,000, inabaki 8,300,000. Toa mshahara wangu wa mwaka, 4,800,000. Kinachobaki mkononi mwa biashara ni 3,500,000.

Mtoto wa dada akagawa kwa kumi na mbili: 291,000 na ushee kwa mwezi.

Kisha akapiga rejesho la mkopo niliotaka. Milioni 12, miezi 24, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio linalopungua: 599,000 kila mwezi. Tulitazamana. Nilikuwa nimekwenda benki na kitenge changu kizuri kuomba mzigo mara mbili ya mgongo wangu. Kama yule ofisa angekuwa mzembe akanipa, leo vyerehani vyangu vingekuwa vinauzwa kwenye mnada. Miaka yote nilidhani hesabu hizi anaandikiwa benki, aridhike. Jumapili ile zilinizungumzia mimi, na zikaniambia jambo ambalo hakuna rafiki aliyewahi kuniambia.

Tukaanza upya kwa swali jingine: kati ya vile vitu vitatu, kipi kinajilipa chenyewe? Majora hapana, hayo naweza kuendelea kununua kidogokidogo. Ovaloku ni nzuri lakini moja niliyonayo haijazidiwa isipokuwa wiki nne za mwaka. Mashine ya kudarizi ndiyo. Kwenye stakabadhi zangu tulikuta nimemlipa mtu wa nembo 1,900,000 kwa mwaka mmoja, nami sikuwahi kuzijumlisha. Hiyo ni kama 158,000 kwa mwezi ambayo ingebaki ndani. Ukiongeza kwenye 291,000 unapata karibu 450,000; toa 40,000 ya nyuzi na umeme wa mashine, ni 410,000. Mashine iliyotumika, kwa proforma, yaani hati ya bei, ya muuzaji wa Arusha, ilikuwa 6,500,000. Rejesho lake kwa masharti yale yale ni 324,500. Inabaki 85,500 kwa mwezi ya kupumua.

Hapo nilijua naomba nini.

Kuhusu riba, uliza neno moja kabla ya kusaini: inahesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, au kwenye salio? Milioni 10 kwa mwaka mmoja, asilimia 18 kwenye mkopo wote, ni riba ya 1,800,000. Asilimia hiyo hiyo kwenye salio, kwa marejesho sawa ya kila mwezi, ni takriban 1,002,000. Tangazo moja, asilimia moja, tofauti ya laki nane. Na mkopo usioulizia karatasi yoyote uogopeni. Jirani yangu wa viatu alichukua kausha damu, mkopo wa mtaani wa riba kubwa, ya 300,000 kwa sababu walimpa siku hiyo hiyo, kwa kadi yake ya benki tu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Omba kuiona.

Kisha kuna msimu. Biashara yangu huvuna Desemba na Januari, huvuna tena kidogo Juni kuelekea Julai wanafunzi wa kidato cha tano wanapojiandaa na baridi ya mlima ikidai sweta. Aprili na Oktoba naweza kumaliza wiki na mauzo ya siku moja ya Januari. Rejesho halijui msimu. Kwa hiyo tulitengeneza karatasi ya mtiririko wa fedha, miezi kumi na miwili kwa safu, kila mwezi kinachoingia na kinachotoka, tukaona wazi miezi mitatu inayozama. Mpango wangu ukawa kutenga marejesho matatu, 973,500, kutoka mavuno ya msimu, kwenye akaunti ambayo siigusi. Karatasi hiyo ndiyo ofisa aliyoitazama kwa muda mrefu kuliko zote. Aliniambia wengi humletea makadirio yanayopanda kila mwezi kama ngazi, na hajawahi kuona duka linalopanda hivyo.

Kuna mambo mawili yaliyonishtua njiani.

La kwanza ni deni la 23,400. Benki huangalia historia ya mkopaji kwenye taarifa za mikopo zinazotunzwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu, kupitia kampuni zenye leseni kama Creditinfo. Yangu ilionyesha mkopo wa simu uliochelewa zaidi ya mwaka. Ulikuwa kwenye laini niliyoacha kuitumia baada ya simu kuibiwa stendi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kulipa ilikuwa dakika mbili. Kusafisha taarifa ilichukua wiki kadhaa na barua. Kama unafikiria kukopa mwakani, omba taarifa yako mwaka huu.

La pili ni dhamana. Kaka zangu walinishauri niweke sehemu ya kihamba cha Kibosho, shamba letu la ukoo. Wazo hilo lilininyima usingizi. Kihamba kile kina makaburi ya babu na bibi, kina migomba aliyoipanda mama, hakina hati ya jina la mtu mmoja, na hata kama kingekuwa nayo, hicho si changu kukiweka rehani. Nyumba yetu ya mjini nayo ina sheria yake: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinalinda nyumba ya familia, haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na wanawake wenzangu nawaomba mlikumbuke hilo siku mnapoletewa karatasi ya kusaini haraka haraka jikoni. Baada ya mkopo kupungua hadi 6,500,000 hatukuhitaji ardhi. Kadi ya gari la mume wangu, vyerehani vyenyewe, na wadhamini wawili vilitosha. Mume wangu alisoma kila ukurasa kabla ya kutia saini, usiku, kwa miwani yake ya kusomea, akauliza maswali ambayo benki hawakuuliza.

Nilirudi Septemba. Kijana yule yule, meza ile ile. Safari hii nilimpangia mwenyewe: taarifa ya benki ya Machi hadi Agosti, taarifa ya namba ya malipo, jumla za mwezi kutoka kwenye EFD, na kaunta buku jipya lenye safu mbili zilizotenganishwa kwa wino mwekundu. Nilikuwa nimebandika juu karatasi moja ya ulinganisho, inayoeleza kila mwezi mauzo ni kiasi gani, yamepita wapi, na tofauti ni ipi. Juni ilikuwa na tofauti ya 64,000 ambayo sikuipata hadi leo. Niliiandika hivyo hivyo: "tofauti, haijulikani, 64,000." Aliiwekea kidole pale, akaniuliza, nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa kukubali, akafungua ukurasa unaofuata.

Alikata kitu kimoja. Kwenye orodha ya mali nilikuwa nimeandika deni la 2,150,000 ninaloidai shule moja binafsi ya sweta za tangu mwaka juzi. Akauliza kama nina barua ya oda au hati ya makabidhiano. Nilikuwa na meseji za simu tu. Akalifuta lote. Iliniuma, maana sweta zile nilizishona kwa mikono hii na watoto wamezivaa, lakini alikuwa na haki: deni lisilo na karatasi ni matumaini. Tangu siku hiyo hakuna sare inayotoka kwangu kwa mkopo bila saini na mhuri wa shule, hata mkuu wa shule awe ni shemeji yangu.

Siku kumi baadaye alikuja dukani bila kutoa taarifa, saa tatu na nusu asubuhi. Akahesabu vyerehani, akapiga picha, akazungumza na mafundi, akaomba daftari la siku hiyo. Lilikuwa na mstari mmoja: shati 1, 9,000.

Mkopo ulipita katikati ya Oktoba. Pesa zilikwenda moja kwa moja kwa muuzaji wa mashine kufuatana na proforma, na mashine ikashuka kutoka Arusha juu ya kenta, imefungwa magodoro. Nembo ya kwanza tuliyodarizi ilitoka imepinda. Ya tano ikanyooka. Rejesho la kwanza lilikatwa tarehe 20 Novemba. Siku hiyo niliuza sketi mbili, 24,000. Niliziandika, nikazipeleka kwa wakala, nikaangalia salio: 324,500 zilikuwa zimetoka kwenye pesa za sweta za Julai.